Je, wajua kwa nini wapenzi wa treni za bustanini hawabanduki kwa muuzaji wao?

Ujerumani, Uingereza na Marekani wako watu wazima wanaotandaza reli ndogo katikati ya maua ya bustani zao na kuendesha treni juu yake, jua liwake au mvua inyeshe. Karibu kila mmoja ana duka lake la moyoni. Walio nje ya uraibu huu hudhani duka hilo linapendwa kwa bei nafuu, au kwa kuwa limejaa vichwa vya treni hadi darini. Dhana hiyo ingekuwa sawa kama kila boksi lililoandikwa herufi G, alama ya treni za bustanini, lingebeba treni ya kipimo kimoja. Mambo hayako hivyo, na hapo ndipo wengi wanaonunua kwa kutazama picha mtandaoni hupotea: kwenye picha kila behewa linaonekana sawa na jingine, bei inavutia, herufi ni ileile. Mzigo ukifika, magurudumu yanakaa vizuri kabisa kwenye reli, lakini behewa jipya ni dogo mno kando ya la zamani.

Chanzo ni historia fupi. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilitoa treni za chapa ya LGB, zinazopita kwenye reli yenye upana wa milimita 45. Watengenezaji wengine walipoingia sokoni wakatumia upana huohuo, ila kila mmoja akaiga treni aipendayo.

Fikiria mfuniko mmoja unaofunika sufuria fupi na sufuria ndefu. Ukiupima mfuniko peke yake hutajua ni sufuria ipi itapika wali wa watu kumi. Upana wa reli ndio mfuniko wetu. Reli halisi ya mita moja, kama ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 au Reli ya Kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma, huwa karibu milimita 45 ukiipunguza mara 22.5. Reli nyembamba za milima ya Marekani, zenye milimita 914, hupunguzwa mara 20.3. Reli pana ya milimita 1435, ambayo ndiyo SGR yetu ya leo, hupunguzwa mara 32. Zote tatu zinaishia kwenye milimita 45.

Sasa mchukue kondakta wa mita 1.8. Kwenye treni ya kwanza atakuwa na milimita 80, kwenye ya pili karibu 89, kwenye ya tatu 56. Huyo wa pili mlango wa behewa la tatu haumpitishi. Wapo pia watengenezaji wanaopunguza treni za reli pana mara 29 tu ili zionekane kubwa, na hapo reli ya milimita 45 inakuwa nyembamba kuliko inavyostahili. Wengi hawajali, na kwa kweli ukiwa umesimama hatua chache huoni tofauti.

Kwa hiyo duka zuri lina meza ya kuweka behewa lako kando ya lile unalolitaka, na muuzaji anayeuliza kona yako ina upana gani kabla hujatoa pesa. Kona ndogo kabisa ya LGB ina nusukipenyo cha sentimita 60. Kichwa kirefu kikilazimishwa hapo huacha njia.

Halafu kuna droo za vipuri, ambazo kwangu mimi ndizo zenye thamani kuliko kabati la vioo. Gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli ya chuma hupasuka baada ya miaka: kwanza unasikia mlio wa tik-tik kila gurudumu likizunguka, kisha mota inanguruma na treni haiendi. Kampuni ya Aristo-Craft ya Marekani ilifungwa mwaka 2013, na vichwa vyake bado vinazunguka bustanini. Aliyeshikamana na chapa moja na kipimo kimoja anaweza kununua popote penye bei ya chini, mpaka gia hiyo ipasuke.