Uwanja wa umma wa dola 600

Jumamosi jioni mpwa wangu wa Mikindani alinitumia orodha kwenye simu: viwanja 100 bora vya gofu Marekani vilivyo wazi kwa umma. Chini yake kaandika, "Shikamoo mjomba. Pebble Beach bado iko juu kabisa." Kijana huyu hajawahi kushika fimbo ya gofu, lakini viwanja anavitaja kama anavyotaja vikosi vya Simba na Yanga, na anajua vizuri pa kunichokoza.

Mimi ni mtu wa nyasi. Nilikaa miaka minane Dar es Salaam nikisukuma mashine kwenye uwanja wa gofu wa klabu moja, kisha nikarudi Mtwara, ambako natunza bustani za hoteli na viwanja vya mpira. Kwa hiyo orodha kama hizi nazisoma kuanzia kwenye udongo.

Tuone kwanza zinavyopikwa. Jarida la Golf Digest lilianza mwaka 1966 kwa kuorodhesha viwanja 200 vigumu zaidi Marekani. Siku hizo ugumu ndio ulikuwa ubora wenyewe. Orodha ya peke yake ya viwanja vya umma ilikuja 2003. Wakaguzi wanacheza, wanatoa alama kwa mpangilio wa mashimo, changamoto, mandhari, hali ya nyasi na mengineyo, halafu unatafutwa wastani. Kati ya namba moja na nyingine pengo mara nyingi ni sehemu ya pointi tu, ila watu wanagombana utadhani kuna timu inashuka daraja.

Mimi ninagombea neno "umma". Pebble Beach, kule California, ulifunguliwa 1919, na uzuri wake sibishi: mashimo yamepangwa ukingoni mwa bahari. Lakini ukitaka kuweka nafasi mapema, lazima ulale kwenye hoteli zao, na ada ya mzunguko mmoja imeshapita dola 600. Nilimpigia mpwa hesabu ya kwetu. Tuseme dola ni shilingi 2,500 na kilo ya korosho ghafi ni 3,000: hapo unahitaji kilo 500, yaani magunia sita na ushee, ili ucheze kwa muda wa saa tano na kwenda zako. Bado hujalipa chumba.

Halafu orodha hiyohiyo ina Bethpage Black, New York. Huo ni mali ya jimbo, uko ndani ya hifadhi ya umma, ulifunguliwa 1936. Mkazi wa jimbo anatozwa nafuu kuliko mgeni. Watu wanalala kwenye magari yao maegeshoni ili wawahi nafasi ya alfajiri, kama sisi tunavyolala stendi kusubiri basi la kwanza. Mkokoteni wa injini hauruhusiwi, unatembea kwa miguu. Mwanzoni mwa uwanja kuna bango linalokuonya kwamba uwanja ni mgumu mno na unawafaa wenye ujuzi wa juu tu. Nalipenda bango hilo. Linakukatisha tamaa ya kucheza, lakini mlango halijakufungia.

Mpwa akanijibu, "Mjomba, wanapima uwanja, hawapimi mfuko wa mtu." Ana hoja. Tukipanga kwa bei, namba moja itakuwa kiwanja chochote cha bure chenye mashimo tisa na mbuzi wawili. Ninachodai ni kwamba uwanja wa hoteli na uwanja wa serikali visiwekwe kwenye foleni moja.

Hata hizo alama za nyasi zina mtego wake. Chambers Bay, jimbo la Washington, ni mali ya kaunti ya Pierce. Palikuwa machimbo ya mchanga na kokoto, na uwanja ukafunguliwa 2007. Mwaka 2015 ukaandaa US Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu, na wachezaji wakalalamika. Sehemu za kuzunguka mashimo zilipandwa nyasi aina ya fescue, ikaingiliwa na nyingine, poa annua. Asubuhi zote zimekatwa sawa. Kufika mchana poa imeinuka na kutoa vishada vya mbegu, na mpira unarukaruka. Mchezaji mmoja, Henrik Stenson wa Sweden, alisema ni kama kuusukuma mpira juu ya mboga ya brokoli. Baadaye wenyewe waliing'oa fescue, wakatandaza poa peke yake.

Nilicheka kwa uchungu, maana hiyo ni ndago yangu kabisa. Uwanja mmoja ninaotunza hapa mjini una ukoka mzuri uliovamiwa na ndago. Nikikata Ijumaa, Jumapili ndago imeshasimama juu ya ukoka kama nywele zilizomponyoka kinyozi. Ukiivuta kwa mkono inakuja na jani tu, kile kitunguu chake kinabaki chini na kuchipua upya. Lazima uchimbe. Sasa mkaguzi akija Ijumaa atanipa tisa, akija Jumapili atanipa nne, na mtunzaji ni yuleyule.

Na huo ukoka tusiudharau. Tifway, nyasi iliyotoka kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia, mwaka 1960 na kusambaa kwenye viwanja vya kusini mwa Marekani, ni chotara wa ukoka wetu huu na ukoka wa Afrika Kusini. Wenzetu wanaununua kwa mita. Sisi tunaupalilia kwenye mihogo.

Nikiulizwa uwanja wa umma hasa, navuka bahari hadi mji wa St Andrews, Uskoti, kwenye uwanja wao mkongwe, Old Course. Ardhi ni ya umma, na mchezaji wa kawaida mwenye kiwango kinachotakiwa anaweza kuingia kwenye kura ya kupata nafasi. Jumapili, isipokuwa kwenye mashindano makubwa, Old Course haichezwi, na wenyeji wanakatiza humo na mbwa na watoto wao, kama watu wa Shangani wanavyoshuka ufukweni jioni.

Nikamwandikia mpwa: Bethpage kwanza, Chambers Bay wa pili, Pebble Beach apangwe na mahoteli wenzake. Kajibu kwa kicheko kirefu, halafu akauliza, "Jumapili nije na jembe au na panga?"