Maleba ya kusomeka kutoka mbali

Aliyeketi nyuma kabisa pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, haoni tarizi ya shingoni. Anaona umbo na mwendo. Nikipewa maleba ya kundi la maigizo nishone, naanzia hapo, kabla sijagusa mkasi.

Tazama kofia ya viua, ile iliyodariziwa vitundu vidogo vidogo. Ni fahari ya mji huu, na mkono hukaa nayo majuma mengi. Lakini ukirudi nyuma hatua ishirini, vile vitundu vinapotea, kofia inabaki nyeupe tupu. Ya jukwaani naidarizi kwa uzi mnene wa kahawia, viua vichache, vikubwa.

Kanzu mpya nayo hung'aa chini ya taa mpaka uso wa mchezaji ufifie. Naichovya kwenye chai ya rangi iliyopoa, naianika kivulini. Kazi hasa iko kwenye mkato. Kanzu ya kuendea msikitini hukatiwa mtu aliyetulia. Mcheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, huinua fimbo juu ya kichwa, na kanzu yote ikamfuata hadi magotini. Kwa hiyo kikwapa, kile kipande cha chini ya kwapa, nakiongeza upana wa kiganja kizima, na taharizi, vile vipande vya ubavuni, nazipanua kuanzia kiunoni, ili akizunguka nguo ifunguke, akisimama itulie naye. Badani, kile kipande cha kati cha mbele na nyuma, siigusi. Ukiipanua hiyo, mtu anaonekana amevaa gunia.

Kilichonifunza zaidi ni shiraa. Zamani mabibi wa Lamu walitembea ndani yake: kitambaa kikubwa kama hema, kimeinuliwa kwa vijiti na watumwa. Ya kwanza niliishona kwa pamba nyepesi. Siku ya mazoezi kusi ikavuma, shiraa ikajaa upepo, ikawakokota wasichana wawili wenye vijiti hadi ukingoni mwa jukwaa. Nilipaswa kulijua: kwa Kiarabu neno hilo ni tanga la chombo.

Nikaifumua, nikarudi na marekani nzito. Kwa wavuvi nikanunua chubwi, yaani vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, nikazifungia ndani ya pindo, moja kila shubiri. Bibi akatembea polepole, kitambaa kikiburura chini, ukauona uzito wa heshima yake na kifungo chake kwa pamoja. Ila upande wa nyuma, walikokuwa wabebaji, sikutia chubwi hata moja. Pindo la huko likawa linatetemeka kila walipobadilisha mkono.