Mzio wa Usiku: Kwa Nini Dalili Huzidi Mtu Anapolala

Katika Kiswahili cha zamani, mzio ulikuwa hasa chakula ambacho mtu hukiepuka kwa sababu kinamdhuru. Leo neno hilo linataja pia kosa la kinga ya mwili, ambapo kitu kisicho na madhara kwa watu wengi, kama chavua (unga wa maua) au kuvu, huchukuliwa kuwa adui, na mwili ukamwaga kemikali iitwayo histamini inayoleta chafya, kamasi, uvimbe na muwasho. Mzio wa usiku si ugonjwa wa pekee, bali ni mzio uleule ambao mchana ulivumilika na usiku ukazidi. Ugumu wake ni kwamba chakula chenye madhara mtu anaweza kukiacha, lakini kitanda hakiachiki.

Humo kitandani ndimo wanamoishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wenye urefu wa takriban robo ya milimita, ambao hula magamba ya ngozi yanayotudondoka na kupata maji yao kutoka kwenye unyevu wa hewa. Utitiri hawaumi. Kinachodhuru zaidi ni protini zilizomo katika vinyesi vyao, ambazo hurushwa hewani kila mtu anapojigeuza juu ya godoro au kuukumbatia mto, pua yake ikiwa karibu kabisa na chanzo hicho kwa saa nyingi mfululizo.

Mwili nao una saa yake. Kotisoli, homoni inayosaidia kutuliza uvimbe, hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa karibu na usiku wa manane, na njia za hewa huwa nyembamba zaidi kuelekea saa kumi alfajiri, jambo linalowasumbua hasa wenye pumu. Tena, mtu akilala chali, damu hujaa katika mishipa ya pua na kamasi huteremkia kooni, ndiyo maana wengine hukohoa usiku ilhali mapafu yao hayana tatizo. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba mzio unaweza kurudi kwa awamu ya pili, saa 4 hadi 8 baada ya mtu kukutana na kinachomdhuru, hivyo pua inayoziba usiku huenda inalipa deni la vumbi la alasiri.

Kwa hiyo udhibiti wake huanza kabla ya kulala. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzijoto 60, kwa kuwa maji baridi huondoa sehemu ya uchafu lakini huwaacha utitiri wengi hai, na godoro na mto vivikwe vifuniko vilivyofumwa kwa kubana. Unyevu wa chumba ukiwa chini ya asilimia 50, utitiri hukauka na kupungua. Anayedhuriwa na chavua aoge na kuosha nywele jioni, asije akaipeleka mwenyewe kwenye mto wa kulalia. Mnyama wa kufugwa asilale chumbani, hata kama hilo litamhuzunisha mwenye nyumba kuliko mnyama.

Kuhusu dawa, kosa la kawaida ni kuchagua ile inayosinzisha kwa kudhani kwamba usingizi wake ni faida. Antihistamini (dawa za kuzuia histamini) za zamani, kama klofeniramini, huingia kwenye ubongo na huweza kumwachia mtu uzito wa kichwa hadi asubuhi, ilhali zile mpya, setirizini na loratadini, hazisinzishi sana kama hizo. Pua inapoziba kila usiku, dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ya kupuliza puani kwa kawaida hufaa kuliko vidonge, ila nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa za kuitumia bila kukatiza. Matone ya kuzibua pua hayafai kuzidi siku chache, kwa maana yakizoeleka yenyewe huleta kuziba. Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia pia, mradi maji hayo yamechemshwa na kupoa.

Anayeamka usiku akipiga miluzi kifuani au kubanwa pumzi asiihesabu hali hiyo kuwa mafua ya kitandani. Huenda ni pumu isiyodhibitiwa, na inahitaji daktari. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikianza kuwa ya buluu, apelekwe hospitali usiku huohuo.