Miguu ikiacha kuvimba, moyo umepona?

Kadutu, hapa Bukavu, imani ni ya zamani: uvimbe ukiisha, moyo umepona, acha dawa. Sivyo. Dawa ya furosemidi hutoa maji ya ziada mwilini kwa mkojo na pumzi hurudi, lakini msuli wa moyo ungali dhaifu. Kurefusha maisha ni kazi ya dawa nyingine za kila siku.

Mojawapo ni dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, ndiyo maana wasio na sukari huiogopa (bila sababu). Katika utafiti wa DAPA-HF, 2019, wenye moyo dhaifu 4,744 walishiriki, zaidi ya nusu bila kisukari. Kwa waliopewa dawa hiyo, vifo vya moyo na hali ya moyo kuzidi kuwa mbaya vilipungua kwa takribani robo, kwa wenye kisukari na wasio nacho. Kinachostahili hofu, kwangu, ni bei.