Reli iliyokufa Busoga na njia ya baiskeli: anza na tuta, mabango baadaye

Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko usizidi sana mita 2 kwa kila mita 100. Kazi hiyo ngumu tayari ipo. Juu ya tuta la zamani hata asiyezoea baiskeli anafika bila kushuka na kusukuma.

Kwa Uganda, kama ni kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli, mimi ningeanza Busoga, mashariki mwa nchi. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa 1912, ikabeba pamba iliyoletwa na meli za Ziwa Kyoga, na bandari ya Namasagali ikafa baada ya mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jinja watalii wapo tayari. Njia ya Tororo–Gulu iacheni: inakarabatiwa ili treni zirudi.

Wengi huanza kwa mabango na mashindano. Mgeni anakuja, anakuta kokoto za reli zikicheza chini ya tairi, harudi tena na anawaambia wenzake. Kokoto hizo msizing'oe, zisawazisheni ziwe msingi. Kisha mwageni kokoto ndogo zizibe nafasi, maana moramu ikiwekwa moja kwa moja, mvua ya kwanza inaizamisha yote. Juu yake moramu ya sentimita 15, upana mita 2.5, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 5 ili maji yashuke. Kilomita moja inakula mita za ujazo 375 zilizoshindiliwa. Agizeni kama 480, kwa sababu moramu inayoletwa na lori ni legelege. Mwagieni maji kabla ya rola, kavu haishikani. Pimeni kwa mkono udongo wa mfinyanzi uliomo kwenye moramu: iloweshe kidogo, isugue kati ya viganja, ikitoa uzi mwembamba usiokatika, moramu hiyo itaganda kwenye tairi na uma hadi gurudumu ligome. Tafuteni shimo lingine.

Makalavati yazibuliwe kabla ya mvua za Machi. Kalavati lililoziba hugeuza tuta kuwa bwawa, maji yakipita juu yanalikata usiku mmoja.

Ardhi ni ya Shirika la Reli la Uganda, lakini mihogo na migomba iliyomo ni ya watu. Pateni ruhusa ya maandishi, kisha kaeni na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji, na mwenye shamba aache msimu uishe avune. Shirika likisita, hoja ninayoiamini ni ya Marekani: tangu 1983 sheria yao inaruhusu njia ya reli itumike kwa baiskeli huku ikihifadhiwa kwa treni za baadaye. Njia inayotumika haijengwi nyumba.

Bodaboda watapita, nguzo haziwazuii bila kuzuia pia baiskeli ya mama mwenye mizigo. Wekeni matuta madogo karibu na shule na kubalianeni nao mwendo.

Ndipo mtangaze, na mtangaze kipande kifupi kati ya senta mbili zenye chakula. New Zealand, njia ya Otago Central, kilomita 152, ilifunguliwa 2000, na vijiji vyake vinaishi kwa kulaza na kulisha waendeshaji. Kwenye kila kibao andikeni kilomita hadi maji, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na fundi. Fundi awe na viraka, gundi, pampu, waya za breki na mirija ya inchi 26 na 28, na namba yake ya simu ichorwe kwa rangi isiyofutika na mvua.