Aliyeingia na mgeni: kwa nini programu-jalizi moja huwa na tabia mbili

Kwenye tovuti ya WordPress (mfumo wa kuunda na kuendesha tovuti), kila anayefungua ukurasa yuko katika hali moja kati ya mbili: ameingia kwa akaunti yake, au ni mgeni. Kinachowatofautisha ni kuki, yaani kijifaili cha utambulisho ambacho kivinjari hukitunza. Ukishaandika jina na nywila, seva inakipa kivinjari chako kuki ambayo jina lake huanza na wordpress_logged_in_, na tangu hapo kila ombi unalotuma linakwenda na kitambulisho hicho. Kwa kawaida kuki hiyo huishi siku 2, au siku 14 ukiweka tiki kwenye kisanduku cha kukumbukwa. Asiye nayo ni mgeni, hata kama ni mteja wako wa miaka mingi.

Programu-jalizi (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye tovuti kuipa kazi mpya) yenye tabia mbili ni ile ambayo matokeo yake hubadilika kutegemea kama kuki hiyo ipo au haipo. Fomu inatuma kwa aliyeingia na kukwama kwa mgeni, au kikapu cha manunuzi kinajaa kwa mmoja na kubaki kitupu kwa mwingine. Wakati mwingine tofauti hiyo imekusudiwa: programu-jalizi ya masomo ya kulipia ina haki ya kumfungia mgeni mlango. Kinachosumbua ni tofauti isiyokusudiwa na mtu yeyote, kwa sababu mwenye tovuti ndiye huwa wa mwisho kuijua. Yeye ameingia muda wote, kwa hiyo anatazama kurasa ambazo wateja wake hawazioni. Mgeni aliyekwama naye haandiki barua ya malalamiko. Anafunga ukurasa na kwenda kununua kwingine.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ninayoitilia shaka kabla ya nyingine zote, ni kache. WordPress ikiachwa yenyewe hupika ukurasa upya kila unapoombwa. Programu-jalizi za kache kama WP Super Cache, WP Rocket na LiteSpeed Cache hubadilisha hilo: ukurasa unapikwa mara moja, unahifadhiwa, kisha wageni wote wanapakuliwa kutoka sufuria lilelile. Aliyeingia kwa kawaida hapakuliwi humo. Yeye bado anapikiwa chake, kwa sababu ukurasa wake una jina lake na mambo yake. Kwa hiyo wewe msimamizi na mgeni wako hamtazami kitu kimoja. Umebadilisha bei asubuhi, wewe unaona bei mpya, mgeni anaona ya jana.

Bei ya zamani angalau inaonekana kwa macho. Kuna kinachojificha zaidi. Ndani ya fomu nyingi WordPress huweka nonsi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 10 unaothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa halali. Usipobadilisha chochote, nonsi hufa kati ya saa 12 na saa 24 tangu itengenezwe. Sasa chukua ukurasa uliohifadhiwa kwenye kache kwa siku 3. Nonsi iliyomo imekufa, lakini ukurasa bado unagawiwa. Mgeni anajaza fomu vizuri kabisa, anabonyeza, seva inamkatalia. Wewe uliyeingia unapata ukurasa mbichi wenye nonsi mbichi, na kila ukijaribu fomu inapita. Hapa ndipo watu huanza kumlaumu mteja kwamba simu yake ni mbovu au bando limeisha.

Sababu ya pili imo ndani ya programu-jalizi yenyewe. Nyingi hutuma maombi ya chinichini, bila ukurasa kupakiwa upya, kupitia faili la admin-ajax.php. WordPress inamtaka mwandishi wa programu-jalizi asajili kazi hiyo mara mbili: wp_ajax_ kwa walioingia, na wp_ajax_nopriv_ kwa wageni. Akisahau ya pili, kila kitu kitafanya kazi kwenye kompyuta yake, kwa kuwa naye ameingia muda wote kama wewe. Mgeni atapata jibu la sifuri tupu.

Majibu haya yanafaa kukaririwa, maana yanaokoa muda mwingi. Fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari (F12 kwenye kompyuta), nenda sehemu inayoorodhesha maombi ya mtandao, kisha bonyeza kitufe kinachogoma. Ombi la admin-ajax.php likirudisha 0 na hali ya 400, mara nyingi usajili wa wageni haupo: kosa ni la mwandishi, na kusafisha kache hakutasaidia. Likirudisha -1 na hali ya 403, nonsi imekataliwa, na hapo kache ndiyo mtuhumiwa. Programu-jalizi zinazotumia REST API (njia nyingine ya kutuma maombi kwa WordPress) huandika wazi zaidi: rest_cookie_invalid_nonce. Kumbuka kwamba njia ya REST iliyo wazi kwa wote, isiyohitaji nonsi hata kidogo, bado itamkataa mgeni akileta nonsi iliyokufa. Angekuja bila nonsi, angepokelewa.

Sababu nyingine ni nyepesi. Aliyeingia huona upau mweusi wa usimamizi juu ya ukurasa, na upau huo huja na fonti yake ya aikoni, Dashicons. Programu-jalizi inayotumia aikoni hizo bila kuziagiza yenyewe itaonekana nzuri kwako, na kwa mgeni patabaki visanduku vitupu au pengo. Vilevile, programu nyingi za kuharakisha tovuti hubana na kuchelewesha skripti (msimbo unaoendesha vitufe na fomu) kwa wageni tu, kwa hiyo mgeni anaweza kukuta kitufe kilichokufa kwa sababu jQuery, skripti ambayo nyingine nyingi huitegemea, bado haijafika.

Basi utajuaje ni ipi? Anza kwa kuitazama tovuti kama mgeni. Dirisha la hali fiche linatosha kuanzia, mradi usiingie kwa akaunti ndani yake, na simu inayotumia bando badala ya Wi-Fi ya ofisini ni bora zaidi. Halafu ongeza kitu kisicho na maana mwishoni mwa anwani, mfano ?jaribio=1. Mifumo mingi ya kache huiona hiyo kuwa anwani mpya na kuandaa ukurasa mpya. Programu-jalizi ikifanya kazi hapo na kugoma kwenye anwani ya kawaida, karibu umeshamkamata mhusika, yaani kache. Vichwa vya jibu la seva (maelezo yanayotangulia ukurasa, yanayoonekana kwenye zana zilezile za wasanidi) vitathibitisha: x-litespeed-cache: hit, au cf-cache-status: HIT kwa wanaopita Cloudflare (huduma inayokaa kati ya tovuti na wageni wake), maana yake ukurasa umetoka ghalani.

Jaribu pia kwa akaunti ya mwanachama wa kawaida asiye na mamlaka yoyote. Hatua hii huachwa mno. Kinachomshinda mgeni na mwanachama wa kawaida, lakini kinampitisha msimamizi, ni suala la ruhusa, wala si la kuingia. Bila jaribio hili utahangaika na kache bure.

Ushauri wa kuzima programu-jalizi zote na kuziwasha moja moja una mahali pake, lakini siukubali kuwa hatua ya kwanza, hasa kwenye tovuti inayouza. Ipo programu-jalizi ya Health Check & Troubleshooting inayokuruhusu kuzima nyingine kwa ajili yako peke yako huku wageni wakiendelea kama kawaida. Ni nzuri sana, ila inafanya kazi kwako ukiwa umeingia, yaani upande ambao hauna tatizo. Kwa ugonjwa huu, nakala ya majaribio ya tovuti inafaa zaidi.

Dawa hufuata chanzo. Nonsi ikiwa inafia kwenye kache, ondoa ukurasa wa fomu kwenye kache, au punguza umri wa kache uwe chini ya saa 12. Kurasa za kikapu, malipo na akaunti za WooCommerce (programu-jalizi ya duka) zisihifadhiwe kabisa. Likiwa ni kosa la nopriv, mwandikie mwandishi na umpe jibu la seva kama lilivyo. Na ukigundua mgeni anaona jina au oda ya mtu mwingine, zima kache papo hapo kabla ya kutafuta sababu, kwa kuwa hapo taarifa za watu zinavuja.

Baada ya kurekebisha, safisha kache ya tovuti, ya seva na ya Cloudflare kama unayo, kisha jaribu ukiwa hujaingia. Ikipita, usimtangazie mteja bado. Kusafisha kwenyewe kumeleta nonsi mpya, kwa hiyo fomu ingepita leo hata kama hukurekebisha chochote. Subiri saa 24 zipite, usisafishe tena, kisha uitume fomu ileile ukiwa mgeni.