Nguzo za Lothagam hazikusimikwa kwa ajili ya mfalme

Magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, pana mahali panapoitwa Lothagam Kaskazini. Ukipita juu juu utaona mawe yaliyotapakaa na nguzo zilizosimama. Chini yake wamelala wafugaji wa mwanzo wa eneo lile, waliozikwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita. Timu ya mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand, pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilipachimba na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Hata hivyo, kuna dhana potofu kuhusu mahali hapa na pengine pa aina hiyo; hizi hapa, moja moja.

“Kazi kubwa hivi lazima iliamriwa na mtawala.” Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na hata wasomi waliishikilia kwa muda mrefu. Wajenzi walitengeneza jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi. Katikati walifukua mchanga hadi kwenye mwamba, wakazika humo. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe na kusimika nguzo juu, nyingine zikitoka umbali wa kama kilomita nzima. Mradi wa kifalme, utasema. Lakini ndani wamo wanaume kwa wanawake, vikongwe na watoto wachanga, wamebanana, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno 405 ya panya wa jangwani. Kulipata kulihitaji panya wasiopungua 113! Hata huyo hakutengwa na wenzake, alilala mlemle. Hakuna aliyepewa kaburi la heshima kuliko wengine. Watafiti wanaona kwamba mvua zilipopungua na ziwa likarudi nyuma, jamii zilizotawanyika na mifugo zilihitaji mahali pa kukutania, na hapo ndipo walipochagua. Mimi naona hoja hiyo ina uzito kuliko mfalme asiyeonekana popote.

“Waliuawa kwa pamoja.” Hapa watu huchanganya na Nataruk, mahali pengine karibu na ziwa hilohilo, ambako mifupa ya wawindaji wa kama miaka 10,000 iliyopita ina alama za mapigo. Lothagam watu walizikwa kidogo kidogo, kwa karne kadhaa.

“Wameshafukuliwa wote.” Wapi! Idadi ya watu wasiopungua 580 ni makadirio: sehemu ndogo ilichimbwa kwa mwiko na brashi, udongo ukapitishwa kwenye chekeche ili shanga zisipotee, kisha rada ya ardhini ikaonyesha ukubwa wa shimo zima. Wengi wako palepale walipolazwa.

“Wafugaji hawa ni wa enzi ya Neolithiki, yaani zama za mwisho za mawe, na Neolithiki maana yake kilimo.” Huenda huko kwingine. Afrika Mashariki ng’ombe, mbuzi na kondoo walitangulia shamba.

“Nguzo ni kalenda ya nyota.” Waturkana, waliofika eneo hilo karne chache tu zilizopita, husimulia kwamba nguzo za Kalokol, mahali pa aina hiyohiyo, ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Wasomi nao wakaja na hadithi yao: mwaka 1978 ilichapishwa kwamba nguzo hizo 19 zilielekezwa kwenye nyota za anga la mwaka 300 KK. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alipima upya akakuta mawe yenyewe yana usumaku, yanapotosha dira inayotumika kupimia mwelekeo. Baadaye ikajulikana kuwa nguzo zina umri wa miaka 5,000 hivi, na nyota za wakati huo hazikuchomoza mahali palepale zilipochomoza mwaka 300 KK.